Gari Hushuka Bei, Spea Hazishuki

Mwaka 2003 kiwanda cha Bentley kilichoko Crewe, Uingereza, kilitoa gari jipya la milango miwili lililoitwa Continental GT. Bei yake ilianzia paundi 110,000. Leo magari ya toleo lile la mwanzo yanatangazwa hukohuko Uingereza kwa chini ya paundi 20,000, fedha zisizotosha kununua Toyota Yaris mpya dukani. Injini ni ileile ya lita 6 yenye silinda 12 na tabo mbili. Mbio hazijapungua, bado linaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ngozi ya viti na mbao za dashibodi, kwa gari lililotunzwa, bado zinang'aa. Lakini paundi 90,000 zimeyeyuka.

Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba gari limezeeka. Jibu hilo halitoshi. Toyota Land Cruiser iliyotoka kiwandani mwaka huohuo nayo imezeeka, tena huenda imetembea kilomita nyingi zaidi na kupita barabara mbovu zaidi, na bado wanunuzi wa Arusha, Goma na Kampala wanaigombea. Umri ni mmoja, anguko la bei ni tofauti kabisa. Kuna kitu kingine kinachokula thamani ya magari ya kifahari ya mbio, na kitu hicho huonekana vizuri zaidi gereji kuliko dukani.

Gari likishuka bei, spea zake hazishuki nalo. Ujira wa fundi haushuki. Matairi hayashuki. Mtu aliyelipa paundi 18,000 kwa Bentley amepata gari la paundi 18,000 kwenye hati ya mauzo, lakini siku breki zitakapokwisha atauziwa breki za gari la paundi 110,000. Kwa hiyo ile bei ndogo inayomvutia kwenye tangazo imekwishapigiwa hesabu. Soko limechukua thamani ya gari, likatoa matengenezo yanayokuja, likaandika kilichobaki.

Fundi anapofungua boneti ya Continental GT haoni ardhi. Silinda 12 zimepangwa kwa umbo la W, zimebanana ili injini isiwe ndefu, na nafasi iliyobaki pembeni imejazwa mabomba, waya na vipoozaji. Tabo zimekaa nyuma na chini, mahali mkono haufiki. Kazi kadhaa ambazo kwenye gari la kawaida zingekwisha asubuhi moja, hapa huanza kwa kutoa injini nzima nje, na saa za fundi zinahesabiwa kabla hajagusa kilichoharibika. Gari lina uzito wa zaidi ya tani 2.3, nalo limebebwa na mifuko ya hewa kwenye kila gurudumu. Mfuko mmoja ukianza kuvuja, mwenye gari hulikuta asubuhi limeinamia upande mmoja. Akipuuza, pampu inayojaza hewa hufanya kazi kupita kiasi mpaka nayo inaungua. Nyuma kwenye buti kuna betri mbili, na zikidhoofika dashibodi hujaa taa za onyo, ambazo fundi asiye na kompyuta yake maalumu atazitazama tu.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichotengenezwa vibaya. Vilitengenezwa kwa ajili ya mmiliki ambaye bili ya paundi elfu kadhaa haimkoseshi usingizi. Mmiliki wa nne hana mfuko wa mmiliki wa kwanza, na gari halijui hilo.

Tena kuna suala la wingi. Kabla ya Continental GT, Bentley ilikuwa ikiuza kama magari elfu moja kwa mwaka. Kufikia mwaka 2007 mauzo yalikuwa yamefika takriban 10,000, na sehemu kubwa ilitokana na gari hilo na ndugu zake. Kwa kampuni ilikuwa neema. Kwa anayetaka kuuza Bentley yake baada ya miaka mitano, ilimaanisha kwamba mtaani kuna nyingine nyingi zinazofanana nayo, na kila muuzaji anamkata mwenzake kwa paundi mia tano.

Anguko kubwa humkuta mmiliki wa kwanza, na mara nyingi mmiliki huyo si mtu bali ni kampuni. Ujerumani na Uingereza magari mengi ya gharama huchukuliwa kwa mkataba wa kukodi wa miaka miwili au mitatu, mtumiaji akilipa kila mwezi. Mkataba ukiisha gari linarudi, na wenzake wa mwaka uleule wanarudi nalo, rangi zilezile nyeusi na kijivu. Yote yanaingia mnadani pamoja. Wakati huohuo dhamana ya kiwanda inakaribia kwisha, na yule anayenunua sasa ndiye wa kwanza kulibeba gari hilo kwa mfuko wake mwenyewe giaboksi ikikataa. Anajua hivyo, na ndiyo maana anataja bei ya chini.

Nyongeza ndizo zinazoumiza kimyakimya. Mnunuzi wa Porsche mpya anaweza kuongeza breki za kauri, zile zenye kalipa za manjano, kwa takriban dola 9,000. Ni breki bora sana. Nyepesi, hazichoki kwa joto, na hazitoi vumbi jeusi linalochafua rimu. Lakini gari likiuzwa, sehemu ndogo tu ya fedha hizo hurudi, na mnunuzi mwenye uzoefu huinama kukagua kingo za diski kwa tochi, kwa sababu diski ya kauri iliyomeguka haichongwi, hununuliwa nyingine. Wapo wanaopeleka magari yao kwenye viwanja vya mbio ambao huzifungua breki hizo, wakazihifadhi ndani ya masanduku, na kufunga diski za chuma. Vivyo hivyo rangi maalumu, mshono wa viti wa rangi ya kuchagua, spika za ziada: mmiliki wa kwanza alivilipia kwa sababu alivipenda, na wa pili hana deni la kupenda alichopenda mwenzake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Maranello, Italia. Mwaka 1994 Ferrari ilitoa F355, gari zuri ajabu, injini yake ya silinda nane ikiwa nyuma ya viti. Injini hiyo ina mikanda ya taimingi, ile inayofungamanisha mwendo wa pistoni na wa valvu. Mikanda hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama gari limelala tu ndani, kwa sababu mpira huchoka kwa umri kama unavyochoka kwa kazi. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na injini imekwisha.

Sasa, mikanda hiyo imekaa upande unaotazama ukuta wa kabini, na upenyo uliopo haumtoshi fundi. Inabidi gari zima linyanyuliwe kwa lifti, ifunguliwe fremu ya nyuma pamoja na injini na giaboksi, na mzigo wote ushushwe juu ya meza yenye magurudumu. Mikanda yenyewe haina bei ya kutisha. Kinacholipiwa ni siku za kazi. Na injini ikishakuwa nje, fundi mwaminifu atamwonyesha mteja mipira mingine iliyopasuka, klachi iliyobaki kidogo, na manifoldi za moshi zenye ufa, ambazo kwa F355 ni ugonjwa unaojulikana. Mteja aliyekuja kwa mikanda anaondoka na orodha ya kurasa mbili.

Kwa miaka mingi F355 iliuzwa kwa bei iliyowafanya watu wasiozijua Ferrari kushangaa. Waliozijua hawakushangaa. Walikuwa wanauliza swali moja tu: mikanda ilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Magari mawili ya mwaka mmoja na rangi moja, moja likiwa na faili nene ya risiti na jingine halina, yalipishana bei kwa maelfu ya dola.

Ferrari yenyewe iliuona ugonjwa huo. Gari lililofuata, 360 Modena la mwaka 1999, lilipewa kifuniko nyuma ya viti ili mikanda ifikiwe injini ikiwa mahali pake. F430 iliyokuja mwaka 2004 iliachana na mikanda, ikatumia minyororo. Na mwaka 2011 kampuni ilianza kuwapa wanunuzi wa magari mapya matengenezo ya kawaida ya miaka saba bila malipo ya ziada, na mpango huo unabaki na gari hata likibadilisha mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ya busara kubwa kuliko inavyoonekana. Mnunuzi wa pili aliondolewa hofu kwa miaka kadhaa, na hofu ikiondoka bei inasimama. Inashangaza kwamba kampuni nyingine zilichelewa kuliona hilo.

Giaboksi nayo ina hadithi yake. Miaka ya 2000 mwanzoni wanunuzi wengi wa Ferrari walitaka giaboksi inayobadilishwa kwa vidole kwenye usukani, teknolojia iliyotoka kwenye mashindano ya Formula One. Ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Gia ya mkono, yenye kijiti kinachopita kwenye bamba la chuma lenye mifereji, ilionekana ya kizamani. Leo mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu. Zile giaboksi za vidole zina klachi inayoliwa, na kompyuta ya fundi huonyesha imeliwa asilimia ngapi, hivyo asilimia hiyo huulizwa kabla hata ya rangi ya gari. Gia ya mkono haina pampu ya kuharibika wala kompyuta ya kulalamika, na zilizotengenezwa ni chache. Kwa Ferrari 599 GTB iliyoanza mwaka 2006, magari yenye gia ya mkono hayakuzidi 30 hivi kati ya maelfu, na kila linapoingia mnadani huuzwa kwa bei ya mara kadhaa ya wenzake. BMW M5 ya kizazi kile chenye injini ya silinda kumi imepata mkasa uleule: toleo la gia ya mkono lililouzwa Marekani linatafutwa, la giaboksi ya kompyuta linakwepwa.

Wapo wanaoamini kwamba gari la idadi ndogo haliwezi kuanguka. Wangetazama yaliyoikuta Jaguar XJ220. Oktoba 1988, kwenye maonyesho ya magari ya Birmingham, Jaguar ilionyesha gari refu la rangi ya fedha na kuahidi injini ya silinda 12 na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Wakati huo magari ya aina hii yalikuwa yakipanda bei kila mwezi. Enzo Ferrari alikuwa amefariki Agosti mwaka huohuo, na watu walikuwa wakinunua Ferrari wanavyonunua viwanja. Watu wapatao 1,500 walitaka XJ220, na waliochaguliwa waliweka amana ya paundi 50,000 kila mmoja.

Gari lilipofika mwaka 1992, injini ilikuwa ya silinda sita yenye tabo mbili, na nguvu ilikwenda nyuma tu. Lilikuwa na mbio sana, lakini halikuwa lililoahidiwa. Bei nayo ilikuwa imepanda hadi paundi 470,000, na uchumi wa Uingereza ulikuwa umezorota. Waliotaka kuliuza siku ya pili kwa faida waligundua kwamba hakuna wa kumuuzia. Baadhi walikwenda mahakamani kujaribu kujitoa kwenye mikataba. Magari yasiyofika 300 ndiyo yaliyotengenezwa, na ya mwisho yalikaa bila mnunuzi miaka kadhaa, yakaja kuuzwa chini ya nusu ya bei. Leo XJ220 nzuri huweza kufikia tena kiasi kile cha 1992, na wapo wanaolitaja kama ushahidi kwamba subira huvuta heri. Lakini paundi ya 1992 ilinunua zaidi ya maradufu ya kile inachonunua sasa. Aliyeliweka gari ndani miaka thelathini, akalipa bima, na kubadilisha tangi la mafuta la mpira kila lilipofikia umri wake, amerudishiwa tarakimu. Thamani hakurudishiwa.

McLaren ilijikuta kwenye shida ya namna nyingine. Mwaka 2011 kiwanda chake cha Woking kilianza kuuza MP4-12C kwa paundi 168,500. Mwaka 2014 ikaja 650S, gari lilelile kwa kiasi kikubwa, likiwa limerekebishwa uso na kuongezwa nguvu, na 12C likaachwa. Wenye 12C waliona magari yao yakiwa ya jana kwa siku moja. Kampuni haikupunguza mwendo. Mwaka 2018 ilitangaza mpango wa kutoa matoleo 18 mapya hadi 2025. Kila toleo jipya lilikuwa bora kuliko lililotangulia, na kila moja lilisukuma chini bei ya lililotangulia. Leo 12C huuzwa kwa chini ya nusu ya bei yake. Ni gari zuri sana la kuendesha, na huenda ndilo linaloonewa zaidi sokoni kati ya yote yaliyotajwa hapa.

Halafu kuna Porsche 911. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na hadi leo injini yake iko mahali palepale, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kampuni ya Marekani iSeeCars, inayochambua bei za magari yaliyotumika, ilikuta mwaka 2023 kwamba 911 lilikuwa limepoteza wastani wa asilimia 9.3 tu ndani ya miaka mitano, wakati Maserati Quattroporte ilikuwa imepoteza asilimia 64.5. Hesabu hizo zilifanywa baada ya uhaba wa chipu za kompyuta ulioyapandisha bei magari yote yaliyotumika, kwa hiyo zinapendeza kuliko kawaida. Hata hivyo pengo kati ya hayo mawili halikuletwa na uhaba wa chipu.

Siri ya 911 haiko kwenye nembo. Ushahidi ni 911 lenyewe. Kizazi kinachoitwa 996, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa cha kwanza kupoozwa injini kwa maji, na ndani ya injini hiyo kulikuwa na beringi moja ndogo kwenye shafti ya kati. Beringi hiyo ikivunjika, vipande vya chuma huingia kwenye oili na injini nzima hufa. Magari yaliyopatwa hayakuwa mengi kulinganisha na yaliyouzwa, lakini habari zilienea, na wamiliki wa Marekani wakafungua kesi ya pamoja iliyomalizwa kwa maafikiano mwaka 2013. Kwa miaka mingi 996 likawa 911 la bei rahisi kuliko yote. Katika kizazi hichohicho, matoleo ya GT3 na Turbo yalitumia injini ya ukoo mwingine isiyo na beringi ile, na bei zake zilibaki juu sana. Umbo halikutofautiana sana, nembo ni ileile, miaka ni ileile. Kilichotenganisha bei ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na hofu ya bili yake.

Hata 911 halikuwaokoa walanguzi. Mwaka 2016 Porsche ilitoa 911 R, magari 991 tu, yote ya gia ya mkono, kwa takriban dola 185,000. Miezi michache baadaye yalikuwa yanatangazwa kwa mara tatu na zaidi ya bei hiyo. Mwaka 2017 Porsche ikarudisha gia ya mkono kwenye GT3, ikaongeza na toleo lake lisilo na bawa kubwa nyuma, gari linalokaribiana sana na 911 R. Walionunua kileleni walishuka haraka. Mwaka huohuo Ford ilijaribu kuzuia ulanguzi kwa mkataba: mnunuzi wa Ford GT hakuruhusiwa kuiuza ndani ya miaka miwili, na mwigizaji na mwanamieleka John Cena alipoiuza mapema, kampuni ilimshtaki, wakapatana mwaka 2018.

Japani ina mfano unaostahili heshima zaidi ya hayo. Nissan GT-R ilianza kuuzwa Desemba 2007 kwa yeni 7,770,000. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2025, na wakati huo bei ya gari jipya ilikuwa imepita yeni milioni 14. Gari la mwaka 2008 bado linauzwa Japani kwa kiasi kisicho mbali na bei yake ya kwanza, ingawa kule gari likipita miaka 13 hutozwa kodi kubwa zaidi ya kila mwaka na ukaguzi wa lazima hurudi kila miaka miwili. Mafundi wa kujitegemea wanaoifahamu injini yake wako kila mji mkubwa, vipuri vya kampuni nyingine ni tele, na mtu anaweza kuitengeneza bila kurudi kwa aliyemuuzia. Pale ambapo ukarabati una ushindani, bili hupungua, na gari hukaa na bei yake.

Katika nchi za Ghuba anguko lina kasi ya peke yake. Magari ya kifahari ni mengi, na wakazi wengi ni wageni wanaolazimika kuondoka kazi ikikatika. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipofika Dubai, magari ya mkopo yalianza kukutwa yametelekezwa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, kwa sababu wakati huo hundi iliyorudi benki iliweza kumtia mtu jela. Mengi yaliishia mnadani. Na hata gari ambalo mwenyewe hakulikimbia, jua linalishughulikia: vitufe vya ndani vya Ferrari na Maserati za miaka ya 2000 vilipakwa utando laini ambao kwa joto hunata vidoleni, na kuvisafisha ni kuvifungua kimoja kimoja. Usukani wa magari hayo uko kushoto, kwa hiyo yanafaa zaidi barabara za Rwanda, Burundi na Kongo kuliko za Kenya, Tanzania au Uganda.

Mtu wa Nairobi anayeona Bentley ya Uingereza, usukani kulia, kwa bei ya Yaris, kwanza atakutana na sheria ya umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo zile za paundi 18,000 hazipiti bandari ya Mombasa. Uganda mpaka ni miaka 15. Tanzania huliruhusu, lakini hulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na injini ya lita 6 inalipa kiwango cha juu cha ushuru wa bidhaa.

Baada ya umri inakuja hesabu ambayo wengi huijua wakishalipa. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, haianzii kwenye risiti ya mnunuzi. Inaanzia kwenye orodha ya bei za magari hayo yakiwa mapya, kisha inakata asilimia maalumu kulingana na umri, na juu ya kinachobaki inatoza ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa ambao kwa injini ya petroli ya zaidi ya lita 3 ni asilimia 35, na VAT. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nayo ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, unaotazamwa mtandaoni. Maana yake ni nzito. Jedwali la umri linachukulia kwamba magari yote hushuka kwa mwendo mmoja. Maserati iliyopoteza karibu theluthi mbili ya bei yake sokoni inatozwa kana kwamba ilishuka kistaarabu, wakati 911 lililoshuka kidogo linapunguziwa asilimia zilezile. Anayekimbilia gari lililoanguka sana ndiye anayebebeshwa kodi kubwa zaidi kulinganisha na alicholipa, na spea za gari hilo ndizo zitakazosafirishwa kwa ndege kutoka Ulaya.

Gari linaloiweka hesabu hiyo kwenye majaribio hivi sasa ni la umeme. Porsche Taycan lilizinduliwa Septemba 2019, na toleo la Turbo S liliuzwa Marekani kwa dola 185,000. Ndani ya miaka mitatu au minne mengi yalikuwa yanauzwa kwa nusu ya bei au chini yake. Hayakuwa yameharibika. Mwaka 2023 Tesla ilipunguza bei za magari yake mapya mara kadhaa na kuvuta chini bei za magari yote ya umeme yaliyotumika. Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikatangaza kuuza magari ya umeme 20,000. Mwaka huohuo Porsche ikatoa Taycan lililoboreshwa, ambalo umbali wake kwa chaji moja uliongezeka kwa hadi asilimia 35, kufikia kilomita 678 kwa kipimo cha Ulaya. Ni nadra gari la petroli kurukwa na mrithi wake namna hiyo ndani ya miaka mitano. Mauzo ya Taycan jipya yenyewe yalishuka kutoka zaidi ya 40,000 mwaka 2023 hadi 20,836 mwaka 2024.

Kwa mnunuzi wa Kenya gari hili lina mvuto wa kweli. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme tupu ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, na Taycan lina toleo la usukani wa kulia lililouzwa kwa wingi Uingereza. Halina mikanda ya taimingi wala oili ya injini. Lakini lina betri, na betri ndiyo spea ghali kuliko zote. Porsche iliidhamini kwa miaka minane au kilomita 160,000, kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Mpaka wa umri wa kuingiza gari Kenya nao ni miaka minane. Magari ya kwanza ya Taycan, yale yaliyosajiliwa mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020, yanaufikia mpaka huo mwaka 2027 na 2028. Yatakayochelewa hadi dakika ya mwisho, ambayo ndiyo yatakayokuwa rahisi kuliko yote, yatashuka meli Mombasa dhamana ya betri ikiwa inakata roho, na anayeyataka anapaswa kudai ripoti ya afya ya betri iliyosomwa kwenye kompyuta ya Porsche, yenye tarehe na namba ya chesisi, kabla ya kutuma hata shilingi moja.